Nyonga inaniuma kila usiku, na mwanangu naye anachechemea kwa goti

BARUA

Shikamoo dokta. Mi ni mama wa miaka 46, niko Morogoro, ni mama lishe, nina kibanda changu cha chai na chapati asubuhi na wali mchana, kwa hiyo kazi yangu ni kusimama tangu alfajiri na nikikaa basi nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele au nasukuma chapati. Tatizo langu ni nyonga ya kulia. Inauma hapa pembeni, pale kwenye mfupa unaojitokeza ukipapasa kwa mkono, na usiku ndo balaa, nikilalia kulia naamka, nikigeukia kushoto nako baada ya muda inaanza kuvuta, yaani najikuta nimekaa kitandani saa nane usiku usingizi umekata. Asubuhi hatua za kwanza nachechemea, afu mwili ukipata moto inatulia, jioni inarudi. Kupanda ngazi au kuvaa sketi nikiwa nimesimamia mguu mmoja ndo siwezi kabisa.

Nilipiga eksirei wakasema mfupa ni mzima, nikapewa diklofenaki na vitamini. Nikimeza inapoa nikiacha inarudi, na presha yangu huwa inapandapanda. Jirani akaniambia hiyo mifupa imesagika na ute wa kwenye jointi umekwisha, akaniletea unga wa viungo unaouzwa kwenye mabasi, kopo halina hata jina la kiwanda. Nilivyoutumia maumivu yaliondoka fasta sana na nikawa nakula mno, ila kopo limeisha na yamerudi palepale. Anataka nichukue lingine. Pia kuna mama ananikanda kwa mafuta ya moto, anabonyeza palepale panapouma mpaka natoa machozi, anasema anavunja mafundo.

Naomba kujua, ni kweli imesagika? Nitaishia kuwekewa nyonga ya bandia? Na je haya mambo ni ya kurithi, maana kijana wangu wa miaka 13 naye analalamika mguu wa kushoto, ila yeye ni goti wala sio nyonga. Ni kijana mwenye mwili, mnene. Ilianza kabla ya likizo ya Juni, siku aliyotoka mpirani, tukampeleka wakampiga picha ya goti wakasema halina kitu, wakampa brufeni na bandeji ya kuvuta. Bado anachechemea na ule mguu ni kama unaangalia nje, baba yake anasema ni uvivu wa kwenda shule na kuchota maji, mi sijui, maana kuna siku anacheza vizuri tu. Lakini yule ni mtoto atakua na itaisha, shida kubwa ni mimi. Nisaidie dokta, nina watoto wanasoma na kibanda ndo kinatulisha.

Mama lishe, Morogoro

JIBU

Marahaba mama, na pole sana kwa huo usiku. Nitajibu kila ulichouliza ila naomba niruke mpangilio wako, kwa sababu umeandika mengi kuhusu nyonga yako na machache tu kuhusu kijana, na hayo machache ndo yamenifanya niiweke barua yako mbele ya zingine zote. Nyonga yako inaweza kusubiri. Ya kijana haiwezi.

Ndiyo, nimesema nyonga ya kijana. Mtoto wa miaka kama 10 mpaka 16, hasa mwenye mwili mkubwa, akianza kuchechemea na kulalamika goti au paja, na goti likapigwa picha halina kitu, basi kitu cha kwanza kukagua ni nyonga ya upande huohuo. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga ndiyo hiyohiyo inayoshuka mpaka gotini, kwa hiyo shida ikiwa juu, ubongo unaweza kupokea taarifa kwamba goti ndo linauma. Mtoto hadanganyi akikwambia goti. Anakwambia kweli kile anachokisikia, na watu wazima tunapiga picha pale alipoonyesha kidole tunaishia hapo, miezi inapita.

Ninachokihofia ni hiki. Fupa la paja juu kabisa lina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe kwenye mfupa wa nyonga, na chini ya kichwa kuna shingo. Kwa mtoto anayekua, kati ya kichwa na shingo kuna tabaka la gegedu, yaani mfupa laini, ambalo mfupa unakulia hapo. Wakati wa kubalehe, mtoto anarefuka kwa kasi, tabaka hilo linakuwa dhaifu kidogo, na uzito ukiwa mkubwa linaweza kuachia, kichwa na shingo vikapishana taratibu kama mfuniko unavyoteleza pembeni ya sufuria. Hapo ndo unaona mguu unageukia nje, unaonekana mfupi kidogo, mtoto anachechemea, na kuna siku ana nafuu anacheza, kuna siku hawezi. Kuwa na siku nzuri hakumaanishi anaigiza, mtelezo wa taratibu ndivyo ulivyo. Siwezi kukuhakikishia ndo hicho bila kumwona, lakini umri wake, mwili wake, goti lisilo na kitu na mguu kuangalia nje, vyote kwa pamoja, mi singelala na hilo swali.

Kwa nini nina haraka? Kwa sababu damu inayolisha kile kichwa cha mfupa inapanda kupitia mishipa myembamba iliyolala juu ya shingo. Leo akiwa bado anakanyaga, kama ni mtelezo, daktari wa mifupa anaingiza skrubu kupitia kidonda kidogo, anakishika kichwa pale kilipo kisiendelee kuteleza, na watoto wengi wanaendelea vizuri. Lakini akiruka mtaro au akianguka kwenye mpira, kichwa kikaachia ghafla, ile mishipa inaweza kukatika au kubanwa, na mfupa uliokosa damu unakufa na kubonyea. Huyo ndo kijana unayemkuta ana miaka 20 anahitaji nyonga ya bandia. Tofauti ya hao watoto wawili wakati mwingine ni wiki moja tu ya kuchelewa.

Kwa hiyo kuanzia sasa hivi unaposoma hapa asikanyage huo mguu. Hakuna mpira, hakuna kuchota maji, hakuna kwenda shule kwa miguu. Mtafutie magongo, na kama hamna, abebwe. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa bajaji au teksi, bodaboda hapana, maana kupanua miguu nyuma ya dereva na yale mashimo ya barabarani ndo kitu nisichotaka kabisa. Ukifika usiseme "mtoto anaumwa goti", sema "mtoto anachechemea, goti limepigwa picha ni zima, naomba akaguliwe nyonga". Omba eksirei ya nyonga zote mbili, sio moja, na zipigwe za aina mbili, ile ya kulala chali miguu imenyooka, na nyingine magoti yakiwa yamekunjwa na kufunguliwa kwa pembeni, kwa sababu mtelezo mdogo kwenye picha ya kwanza unaweza usionekane kabisa na kwenye ya pili ukaonekana wazi. Ila kama mtoto hawezi hata kukanyaga, au akikunjwa analia, waambie kwanza kabla hawajamgeuza. Wakiona mtelezo wakakwambia mrudi nyumbani mje kliniki wiki ijayo, kataa kwa heshima, uliza kama kuna daktari wa mifupa wa kumwona leo, na kama hayupo omba barua ya rufaa kwenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Na ikitokea usiku huu ameshindwa kabisa kusimama, hamna kusubiri asubuhi.

Asikandwe. Yule mama wa mafuta ya moto asimguse mguu, wala fundi yeyote wa kuvuta mifupa asiitwe.

Baba yake naomba umwonyeshe hapa. Baba, najua huna nia mbaya, na watoto wa umri huo kweli wanakwepa kazi, ila mtoto anayekwepa hachechemei akiwa peke yake uani. Mchungulie akiwa hajui unamwangalia.

Wakikuta ni mtelezo, waulize pia kuhusu mguu wa kulia, kwa sababu kwa baadhi ya watoto upande wa pili nao hufuata, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, kwa hiyo kuna madaktari wanaoweka skrubu pande zote mbili na kuna wanaofuatilia kwa picha. Na kama hajawahi kupimwa selimundu (sickle cell), apimwe siku hiyohiyo, maana selimundu nayo inaua kichwa cha fupa la paja kwa kuziba mishipa ya damu, na Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Kuna vijana wa miaka 17, 20 na kitu, wanachechemea wanaambiwa wamekanyaga uchawi, kumbe nyonga imekosa damu muda mrefu.

Haya mama, sasa tuje kwako.

Umeandika kitu kimoja kizuri ambacho wengi hawakiandiki, umesema ni pembeni, kwenye mfupa unaojitokeza. Mtu akiniambia nyonga inaniuma namwomba kwanza aweke kidole, kwa sababu hapo kuna majirani watatu tofauti. Jointi yenyewe, yaani kichwa na kikombe, imejificha ndani kwa mbele, ikiumia maumivu yanatokea kwenye kinena, pale paja linapokunjikia, na mtu anashindwa kuvaa soksi, kukunja mguu kufunga kamba za viatu, kuingia kwenye daladala. Kusagika kwenyewe kunaumia hapo. Jirani wa pili ni makalio, maumivu yanayoanzia kiunoni yakapita kwenye kalio yakashuka nyuma ya mguu mpaka chini ya goti na ganzi au kuchomachoma, hayo mara nyingi yanatoka mgongoni, nyonga inasingiziwa tu. Wa tatu ni hapo pembeni ulipoweka wewe, na hapo hamna jointi. Hapo kuna kinundu cha fupa la paja ambapo kano za misuli ya kalio zinajishika, na juu yake kuna vifuko vidogo vya majimaji vya kupunguza msuguano.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, mifupa imesagika? Kwa ulivyoeleza, sioni dalili. Ute umekwisha? Hapana. Eksirei ilisema kweli, mfupa ni mzima, ila eksirei haionyeshi kano, na kano ndo zinazolia. Shida hii ni ya kawaida mno kwa wanawake wa miaka 40 mpaka 60, na haipelekei nyonga ya bandia. Wala hujamrithisha mtoto, yake na yako ni vitu viwili tofauti kabisa vilivyokutana nyumba moja.

Ile misuli ya kalio ya pembeni ina kazi nzito ambayo watu hawaijui. Kila ukiinua mguu mmoja kupiga hatua, huo mwingine unabaki peke yake, na misuli hiyo ndo inashika kiuno kisilale upande. Jinsi inavyovuta, nyonga inajikuta imebeba kama mara 2 na nusu mpaka 3 ya uzito wako wote, na hapo unatembea taratibu tu. Sasa wewe unasimama tangu alfajiri, na najua jinsi watu wanavyosimama mbele ya jiko, wanaegemea mguu mmoja kiuno kimetokeza pembeni. Ukisimama hivyo kano zinakandamizwa kwenye kile kinundu masaa na masaa. Ukikaa kwenye kigoda magoti yamebanwa pamoja, au ukikunja nne, zinakandamizwa. Ukilalia kulia, godoro linazikandamiza. Ukilalia kushoto, goti la kulia linaangukia mbele linazivuta juu ya mfupa, ndo maana upande wa pili nao haukupi raha, na wengi wakifika hapo wanadhani ugonjwa umesambaa.

Kwa hiyo tiba inaanza kwa kuacha kuzikandamiza. Usiku lala chali na mto chini ya magoti, au kwa kushoto ukiweka mto mnene katikati ya miguu kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, sio gotini tu. Kibandani simama kwa miguu yote miwili, uzito ugawane, na kile kigoda kibadilishe na kiti cha urefu wa kawaida ambacho ukikaa magoti hayapandi juu ya kiuno, meza ya kusukumia chapati nayo ipandishwe. Nne usikunje. Ndoo usiibebe kwa mkono mmoja. Sketi vaa ukiwa umekaa. Na yule mama anayebonyeza palepale mshukuru kwa wema wake umwambie basi, maana hamna fundo la kuvunjwa pale, anachokibonyeza ni kano iliyochoka na anaichosha zaidi.

Afu mazoezi, na hapa ndo naomba usinikatie tamaa mapema kwa sababu hayafanyi kazi siku mbili. Anza hivi: lala chali, mto chini ya magoti, funga kanga kuzunguka mapaja yote mawili juu kidogo ya magoti, iwe imekaza, halafu sukuma magoti kwenda nje dhidi ya kanga, taratibu, kwa nguvu ya wastani, hesabu mpaka 10 uachie. Fanya mara chache asubuhi na jioni. Ukizoea ongeza kunyanyua makalio ukiwa umelala chali umekunja magoti, shuka polepole. Baadaye kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi ni sawa, ila yakizidi usiku wa siku hiyo kuliko kawaida yako ujue umezidisha, punguza, usiache. Ukipata mtu wa fizio hospitali ya mkoa ni bora zaidi, akuone unavyofanya. Kule Australia walifanya utafiti uliotoka 2018, watu 204 wenye shida kama yako, wakawagawa makundi matatu. Baada ya wiki 8, waliopewa mazoezi na maelekezo kama haya niliyokupa, karibu 77 kati ya kila 100 walisema wamepata nafuu, waliochomwa sindano ya steroidi kwenye nyonga ni kama 58, na walioachwa wasubiri tu ni 29. Kwa hiyo mtu akikuuzia sindano kama njia ya mkato, unajua la kumjibu.

Diklofenaki na presha havipatani. Inapandisha presha, inachosha figo, inatoboa tumbo ukiimeza mfululizo. Kwa maumivu tumia panado kwa kipimo, na kesho ukiwa hospitali na kijana upimwe presha.

Lile kopo sasa. Unga usio na jina unaoondoa maumivu fasta na kuleta njaa ya ghafla, mimi nashuku umechanganywa steroidi, deksa au prednisoloni. Dawa hizo zenyewe ni nzuri mahali pake, zinaokoa watu, ila zikitumiwa ovyo zinapandisha presha na sukari, zinadhoofisha mifupa, na zinaweza kukata damu ya kile kichwa cha mfupa, yaani ukanywa dawa ya nyonga ikakuletea ugonjwa wa nyonga wa kweli ambao hukuwa nao. Dada zangu mnaomeza vidonge vya kunenepa, baadhi yake ni deksa hiyohiyo, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu vinauzwa kama pipi. Usinunue kopo la pili. Ila msomaji mwingine anayetumia unga wa hivyo kwa miezi, usiache ghafla, mwili unakuwa umeshazoea na unaweza kuzimia presha ikishuka, nenda na kopo kwa daktari akupunguzie kwa ngazi.

Kwa wengine mnaosoma na nyonga zenu, machache tu. Mzee aliyeanguka, hata kwa kujikwaa mlangoni, akashindwa kunyanyua mguu na mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, huyo huenda amevunjika shingo ya fupa la paja, apelekwe hospitali amelazwa, asivutwe mguu na mtu. Mtoto mwenye homa anayekataa kusogeza nyonga ni dharura ya siku hiyohiyo, usaha ndani ya jointi unakula gegedu ndani ya siku chache. Nyonga inayouma miezi na kukonda na jasho la usiku, TB ya mifupa ipo, pimwa. Na wazee mliosagika kweli mnaotembelea fimbo, fimbo shikeni mkono wa upande mzima, sio upande unaouma, maana ikiwa upande wa pili ndo inaipunguzia nyonga mzigo.

Na wewe mama, ukianza kusikia maumivu yamehamia kwenye kinena, au mguu unashindwa kubeba, usiseme ni ileile ya zamani, rudi upigwe picha tena na uwaambie kuhusu ule unga. Kopo tupu kama bado lipo jikoni libebe kesho pamoja na ile eksirei ya goti la kijana, wakabidhi vyote viwili.